Tone la damu la mkimbiaji

"Daktari, nina damu ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mkimbiaji ninayempima hapa Arusha. Hunihuzunisha kuona kijana akinunua vidonge vya madini ya chuma kwa sababu tu hemoglobini yake, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, imesoma gramu 13 kwa desilita. Mazoezi ya masafa marefu huongeza majimaji ya damu kuliko yanavyoongeza chembe nyekundu, kwa hiyo namba hushuka ilhali jumla ya hemoglobini mwilini huenda imepanda. Ndiyo maana sikubali kuisoma hemoglobini bila feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma. Feritini ikiwa chini ya mikrogramu 30 kwa lita, akiba ni haba hata kama damu "inatosha". Lakini nayo hupanda kwa homa na kwa mbio nzito, hivyo sipimi aliyeshindana jana wala anayeugua malaria.

Hata hivyo, damu hupeleka oksijeni tu. Anayeitumia ni msuli, na habari za msuli nazipata kwa laktati, kemikali ambayo msuli huizalisha unapovunja sukari ili kupata nishati. Mwanariadha hukimbia kwa awamu, kila awamu kasi ikiongezeka, na mwishoni mwa kila moja namchoma kwenye ndewe ya sikio. Kwanza nafuta jasho, kwa maana jasho lenyewe lina laktati nyingi na huharibu kipimo. Kisha nafuta tone la kwanza, na la pili ndilo linaloingia kwenye kijiti cha mashine. Akiwa amepumzika, kipimo huwa karibu milimoli 1 kwa lita. Ninachokitafuta ni kasi ambayo laktati huanza kupanda bila kurudi.

Makocha wengi bado huiita laktati sumu, nami huwapinga kila mara: mwanafiziolojia George Brooks alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba moyo na nyuzi za misuli za mwendo wa polepole huitumia kama nishati. Anayechelewa kuikusanya ana mitokondria nyingi, yaani vijisehemu vya seli vinavyotumia oksijeni kutoa nishati, na hizo hujengwa kwa mazoezi, kama mtafiti John Holloszy alivyothibitisha mwaka 1967 kwa panya aliowakimbiza. Kuzipima moja kwa moja kunahitaji sindano nene ya kunyofoa kipande cha msuli wa paja. Simfanyii hivyo mtu anayejiandaa kwa mashindano.

Anayefanya mazoezi Moshi, kwenye mwinuko mdogo kuliko wetu, simlinganishi na wa Arusha, kwa kuwa mwinuko hubadilisha vipimo. Kila mmoja namrudisha uwanja uleule baada ya wiki 8, nimlinganishe na yeye mwenyewe.