Probesheni si kutia sahihi tu

Miaka nenda miaka rudi, watu nchini Kenya husema afisa wa probesheni, yaani anayemwangalia mkosaji aliyeachwa nje badala ya kufungwa jela, hukaa ofisini akingoja mkosaji aje atie sahihi, basi. Sivyo. Kabla ya hukumu, mahakama humwagiza afisa huyo amchunguze mkosaji, na hapo ndipo kazi ilipo: apande matatu, atembee hadi bomani kwa mkosaji, azungumze na mama mzazi, na chifu, na jirani aliyeibiwa kuku, kisha aandike ripoti. Amri ya probesheni ikitolewa, afisa humfuatilia mkosaji huyo kwa miezi 6 hadi miaka 3. Sheria ya 1998 ya huduma kwa jamii ikamwongezea afisa mzigo wa kuwasimamia wakosaji wanaofanya kazi za jamii badala ya kufungwa. Maafisa wakiwa wachache na mafaili yakirundikana, safari ya bomani ndiyo hukatwa kwanza. Sahihi hubaki, nayo ndiyo watu huiona. Inauma.