Benki Ikikupigia Kukuambia Umekuwa Mteja Maalum

Mwezi uliopita mzee mmoja, mwalimu mstaafu ninayemheshimu kama baba, alinipigia saa mbili usiku. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na bila kuzunguka akasema: "Mwanangu, benki wamenipigia. Wanasema nimechaguliwa. Sasa nimechaguliwa kuwa nini?"

Nilicheka, maana maneno ya simu ile nayajua neno kwa neno. Miaka mitano kati ya kumi na miwili niliyofanya kazi benki hapa Dar es Salaam nilikaa kwenye dawati la wateja maalum. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga. "Hongera, mzee. Kuanzia leo hupangi tena foleni. Una meneja wako binafsi, kadi ya hadhi ya juu, na yote haya bure kabisa."

Nikamuuliza kama mafao yake yameingia. Ndiyo, mkupuo wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ulikuwa umeingia wiki mbili nyuma, na ukijumlisha na akiba yake akaunti ilikuwa na shilingi milioni 62. Basi, hapo hapakuwa na fumbo tena. Hakuna mtu aliyemchagua. Salio lake lilivuka mstari, mfumo wa kompyuta ukatoa orodha ya majina, orodha ikagawiwa kwa mameneja uhusiano, na kila meneja ana lengo lake la mwezi: wateja wapya wangapi, amana mpya kiasi gani. Neno "hongera" tulifundishwa kulitanguliza kwa sababu linafanya kazi. Ni kilemba cha ukoka, lakini ukivikwa ukiwa umestaafu juzi na simu zimeanza kupungua, kinapendeza.

Sisemi huduma hii ni utapeli. Ni biashara halali, na wapo wateja niliowahi kuwasihi waikubali. Ila tuanze na swali ambalo mteja haulizi: benki inalipwa na nini, kama mimi silipi?

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wako unalambwa kwa sababu ya fedha iliyolala. Amana ya akiba ni malighafi ya benki, tena malighafi ya bei rahisi kuliko zote: benki inakulipa riba ndogo sana au haikulipi kabisa, kisha fedha hiyo hiyo inakopeshwa kwa riba ambayo hapa Tanzania, kwa wastani, imekuwa ikizunguka asilimia 15 kwa mwaka. Wateja mia wenye milioni hamsini hamsini zisizocheza ni shilingi bilioni tano. Kikombe cha kahawa na kiti cha ngozi kwenye chumba chenye kiyoyozi havigharimu kitu mbele ya hesabu hiyo.

Nilimwambia mzee achukue kalamu. Sharti alilopewa lilikuwa salio la wastani lisilopungua milioni 50. Tuseme akaunti ya akiba inalipa asilimia 2 kwa mwaka. Kodi ya zuio kwenye riba ni asilimia 10 ya riba hiyo, kwa hiyo mkononi inabaki asilimia 1.8, yaani shilingi laki tisa. Sasa tuseme fedha hizo hizo angeziweka amana ya muda maalum, ile tunayoiita fiksi, kwa asilimia 9. Baada ya kodi inabaki 8.1, ambayo ni 4,050,000. Tofauti ni 3,150,000 kwa mwaka. Kwa mwezi ni 262,500.

"Kwa hiyo hiyo huduma ya bure," mzee akasema polepole, "ni laki mbili na nusu kwa mwezi."

Na zaidi kidogo. Viwango nilivyotumia ni vya mfano, kila benki ina vyake na vinabadilika, lakini namna ya kupiga hesabu haibadiliki. Bei ya huduma ya bure ni mapato ambayo fedha yako ingeyaleta kwingine. Haiandikwi kwenye taarifa ya akaunti, ndiyo maana haiumi.

Hata hivyo nilimzuia asikate shauri usiku ule, kwa sababu kuna jambo moja linaloweza kugeuza hesabu yote, nalo meneja halitaji mpaka aulizwe: milioni 50 zinahesabiwa wapi? Benki nyingine zinaangalia akaunti moja tu, ya akiba au ya hundi. Nyingine zinajumlisha kila kilicho chako kwao, fiksi ikiwemo, na hata hati fungani, yaani fedha uliyoikopesha serikali au kampuni kwa riba, ulizonunua kupitia kwao. Zipo zinazokubali kuhesabu familia, mume na mke pamoja. Kama fiksi inahesabiwa, ile tofauti ya milioni tatu inayeyuka, unabaki kulinganisha riba ya fiksi ya benki hii na ya jirani yake.

Halafu uliza wanapima vipi. Wastani wa mwezi ni kitu kimoja, salio lisilotakiwa kushuka hata siku moja ni kitu kingine. Wazazi wanajua Januari ilivyo: ada, sare, madaftari, nauli za shule za bweni. Mtu anatoa milioni nane wiki ya kwanza, anashuka chini ya mstari, na mwezi unaofuata anakuta makato yenye jina asilolielewa. Nimewahi kumpokea mteja aliyekuwa amekatwa hivyo miezi saba mfululizo. Huduma yake ilikuwa "bure kwa masharti", masharti yalivunjika, na hakuna aliyempigia kumwambia. Kumpigia kumpongeza tulikuwa tumempigia.

Kwa hiyo omba karatasi. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinaitaka benki ikueleze tozo na masharti waziwazi, na mwongozo wa tozo ni haki yako kuuona kabla ya kutia saini. Mwambie meneja akuandikie kwa barua pepe mambo matatu: kiwango kinapimwaje, nikishuka nakatwa kiasi gani na baada ya muda gani, na nikitaka kurudi akaunti ya kawaida kuna gharama. Meneja mzuri anajibu siku hiyo hiyo. Asiyejibu amekujibu.

Niliwaambia nani wakubali? Nitamtaja mmoja bila kumtaja jina. Ni mama wa Kariakoo anayeleta vitambaa kutoka Guangzhou. Akaunti yake ya biashara, apende asipende, haishuki chini ya milioni 70, kwa sababu mzigo unapouzika fedha lazima ikae mahali ikisubiri oda inayofuata. Fiksi haimfai, anahitaji fedha wakati wowote. Kwa hiyo fedha yake imelala hata bila huduma maalum, hapotezi kitu kwa kuikubali. Na anapata kitu kikubwa: bei ya dola. Bei iliyobandikwa ukutani ni ya mpita njia. Mteja mwenye meneja anaweza kuomba bei, na meneja anaingia chumba cha hazina, wanakopanga bei za fedha za kigeni, kuomba apunguziwe. Mama huyu alikuwa ananunua kama dola 40,000 kila robo mwaka. Akipunguziwa shilingi 15 kwa kila dola, ni laki sita kwa robo, milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Na dola zilipoadimika mwaka 2023, mwenye namba ya simu ya mtu wa ndani alikuwa na nafasi ambayo aliyesimama dirishani hakuwa nayo. Sio haki sana, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo kipimo changu ni kifupi: kama unafikia mstari bila kuhamisha hata shilingi moja, na ipo huduma moja unayoweza kuitaja kwa jina utakayoitumia kila mwezi, kubali. Kama unalazimika kukusanya fedha kutoka huku na kule ili ufike, benki ndiyo inayohudumiwa.

Mambo ya ukumbi wa wasafiri uwanja wa ndege nayapita haraka. Wengi wanaovutiwa nao wanasafiri mara moja kwa mwaka. Kadi nyingi zinakupa idadi fulani ya kuingia bure, ukizidisha unalipa kwa dola, na mgeni uliyeongozana naye huwa unamlipia. Sambusa ni nzuri. Sio sababu ya kuhamisha mafao.

Meneja uhusiano ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo, maana nilikuwa yeye. Utamwona kijana msafi, msikivu, anayekumbuka siku yako ya kuzaliwa, kwa sababu mfumo unamkumbusha. Anaitwa wako, lakini ana wengine mia na zaidi. Kazi yake ina pande mbili: kukutatulia shida, na kukuuzia. Upande wa kwanza ni wa kweli na una thamani. Kadi ikimezwa Jumamosi, muamala ukikwama, mkopo ukikaa mezani kwa mtu, simu moja inaokoa wiki nzima. Upande wa pili ndio unaopimwa mwisho wa mwezi.

Niliwahi kumuuzia mjane mmoja bima ya maisha yenye akiba ndani yake, ya miaka kumi. Alikuwa na fedha za kiwanja alichouza, na alishaniambia kwa mdomo wake kwamba baada ya miaka miwili angehitaji kumalizia nyumba. Nilisikia, na bado nilimuuzia, kwa sababu ilikuwa tarehe 28 na lengo langu la bima lilikuwa limepungukiwa na mkataba mmoja. Alipokuja kuivunja mwaka wa pili alirudishiwa pungufu ya alichochangia, kama mkataba ulivyosema kwenye ukurasa ambao hatukuusoma pamoja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilidhani wewe ni wangu." Sikukaa sana kwenye dawati lile baada ya siku hiyo.

Ndiyo maana nawaambia watu: mtumie meneja wako kwa shida, usimfanye mshauri wa mafao. Akikuletea bima, mkopo ulioidhinishwa kabla hujauomba, au mfuko wowote, mwambie utamjibu wiki ijayo, na wiki ijayo iwe kweli wiki ijayo.

Kuna jambo lingine ambalo kiti cha ngozi kinalisahaulisha. Kuwa mteja maalum hakuongezi kinga ya fedha yako hata kidogo. Benki ikifungwa, Bodi ya Bima ya Amana inafidia hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja mmoja katika benki moja, uwe wa foleni au wa kahawa. Zamani ilikuwa milioni 1.5, na ndicho kiwango kilichokuwepo Januari 2018 Benki Kuu ilipozifunga benki tano ndogo kwa siku moja. Waliokuwa na zaidi ya hapo ilibidi wasubiri ufilisi, yaani mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe. Simtishi mtu, benki zetu kubwa ziko imara. Lakini sharti la "kusanya kila kitu kwetu" linaenda kinyume na busara ya kutoweka mayai yote kwenye kikapu kimoja, na mwenye mafao ya maisha mazima anapaswa kulifikiria.

Mzee aliuliza maswali yake kwa barua pepe, mjukuu akimchapia. Jibu lilikuja siku ya nne: fiksi inahesabiwa, ila riba yao ya fiksi ilikuwa pungufu kwa asilimia moja kamili kuliko ya benki iliyo ng'ambo ya barabara. Kwa milioni 50 hiyo ni 450,000 kwa mwaka baada ya kodi. Mzee huenda benki mara mbili kwa mwezi, hasafiri nje, hanunui dola. Akaona kwamba kwa fedha hiyo anaweza kumlipa bodaboda ampeleke na kumrudisha mwaka mzima, na chenji ikabaki.

Milioni 30 aliziingiza kwenye mnada wa hati fungani za serikali, maana anataka riba ya mara mbili kwa mwaka kama mshahara. Milioni 20 akaziweka fiksi ng'ambo ya barabara. Milioni 12 zimebaki pale pale kwa ajili ya dharura na paa la nyumba ya Morogoro.

Yule kijana wa benki alimpigia tena mara mbili, kwa adabu, kisha simu zikakoma. Namba yake mzee hajaifuta. Ameihifadhi kwa jina la "Kahawa".