Tokiwa-so: yanayosemwa kuhusu vijana wale wa manga, na yalivyokuwa

Anayeanza kuchora manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, hachelewi kusimuliwa habari za Tokiwa-so, jengo la mbao lililojengwa mwaka 1952 eneo la Toshima, Tokyo, walimopanga wachoraji wa manga. Bahati mbaya hadithi imenakshiwa mno.

Ati ilikuwa nyumba ya magwiji. Gwiji alikuwa mmoja, Osamu Tezuka, aliyehamia mwaka 1953, naye hakumaliza hata miaka miwili. Waliomfuata wengi walikuwa vijana wa kutoka mikoani. Chumba kilienea mikeka minne na nusu, kama mita za mraba 7, kodi yen 3,000 kwa mwezi. Jiko na choo ni vya kuchangia, bafu hakuna, na bafu la mtaani ni la kulipia. Husimuliwa kwamba wapangaji wawili, Shotaro Ishinomori na Fujio Akatsuka, walikuwa wakisubiri usiku uingie, wanajaza maji sinki la jikoni, wanaoga humo humo. Wenzao waliokuja kuosha vyombo asubuhi, sijui walikuwa na moyo gani.

Ati mwenye kipaji hakosi kazi. Wapangaji wengine, Hiroshi Fujimoto na Motoo Abiko, walichora pamoja kwa jina moja, Fujiko Fujio. Tezuka alipohama Oktoba 1954 aliwaachia chumba, meza, na hata yen 30,000 za dhamana alizokuwa ameweka kwa mwenye nyumba, maana wao hawakuwa nazo. Mwanzo mzuri kuliko huo uko wapi? Januari 1955 wakaenda kwao Takaoka kula mwaka mpya, wakanogewa. Telegramu za wahariri zikamiminika, siku za kukabidhi kazi zikapita, kurasa bado nyeupe. Kurudi Tokyo, milango imefungwa. Karibu mwaka mzima ulipita kabla hawajaaminika tena. Yule Doraemon wao, paka-roboti wa buluu, alianza kuchapishwa mwishoni mwa 1969.

Ati mchoraji mwenzio ni mshindani wako tu. Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Akatsuka kazi zilimgomea. Ishinomori, mdogo kwake kwa umri, alikuwa amelemewa na oda, na Akatsuka akawa anamsaidia kuchora na kumpikia. Siku alipoamua kuachana na fani alikwenda kwa Hiroo Terada, kaka mkubwa wa nyumba ile. Terada hakumpa hotuba, alimpa yen 50,000. Piga hesabu: hiyo ni kodi ya zaidi ya miezi 16. Mwaka 1958 Akatsuka akapata nafasi ya kuchora katuni ya kuchekesha, na baadaye Japani nzima ikamwita mfalme wa vichekesho.

Ati walikuwa wanaume peke yao. Hideko Mizuno, binti wa Shimonoseki, alihamia 1958 akakaa miezi kadhaa, akichora pamoja na Ishinomori na Akatsuka.

Ati wote walifanikiwa. Terada huyo huyo aliyewabeba wenzake alichora katuni za michezo, safi na za upole, kwa ajili ya watoto. Magazeti ya manga ya kila wiki yalipokuja na kasi yake na ukali wake, yeye akajiondoa polepole, na kufikia miaka ya 1970 kalamu aliiweka chini. Alifariki 1992.

Jengo lilibomolewa 1982. Mwaka 2020 lilifunguliwa jumba la makumbusho lililojengwa kwa mfano wake, na jiko wamelirudisha, sinki likiwemo.