Je, wajua kwa nini leseni ya kulea watoto nyumbani huhesabu hata watoto wako mwenyewe?

Chukua mfano wa mama wa England mwenye watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 6, anayetaka kulea watoto wa wenzake nyumbani kwake kwa malipo. Kanuni zinaruhusu watoto wasiozidi 6 wa chini ya miaka 8 kwa wakati mmoja. Akipiga hesabu ya ada za watoto sita, amekosea: wake wawili wamo humohumo, na nafasi zilizobaki ni nne. Tena kati ya hao sita, wasiofikia umri wa kuanza shule hawatakiwi kuzidi 3, kwa hiyo yule wake wa miaka 3 ameshachukua nafasi mojawapo. California, Marekani, nako ni vivyo hivyo. Mtoto wa chini ya miaka 10 anayeishi katika nyumba ya mlezi huingia kwenye hesabu ya leseni.

Kwa nini mtoto uliyemzaa mwenyewe, ambaye hakuna anayekulipa kumtunza, akupunguzie nafasi?

Jibu linakuwa gumu kwa sababu wengi huichukulia leseni hii kuwa hukumu juu ya malezi. Wanaona kwamba serikali inawapima kama wanajua kulea, na anayeambiwa ahudhurie mafunzo huuliza, tena kwa haki kabisa: nimelea watano hadi wamekua, mtanifundisha nini? Lau leseni ingekuwa inapima hilo, lalamiko lake lingetosha kuifuta. Lakini hebu tazama mambo ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 2014 kuhusu ruzuku ya malezi ya watoto ililazimisha kila jimbo linalopokea fedha hizo kuwafundisha walezi: usingizi salama wa watoto wachanga, hatari ya kumtikisa mtoto kwa nguvu, utoaji wa dawa, mzio wa vyakula, hifadhi ya vitu vyenye sumu, maandalizi ya dharura, kuzuia maambukizi, huduma ya kwanza na kuhuisha moyo na pumzi. Hata namna ya kuwasafirisha watoto imo, pale mlezi anapowasafirisha. Mengi ya hayo hayahusu kubembeleza wala kuadibu.

Uzoefu wa kulea hufundisha yanayotokea kila siku. Mafunzo haya yanahusu yale ambayo mzazi anaweza kumaliza kulea watoto wake wote bila kuyaona hata mara moja, na yakitokea yanampa dakika chache tu. Kupaliwa ni mfano mzuri. Mtoto wa miezi minane amemeza kipande cha tunda, kimeziba koo, halii wala hakohoi. Mkono wa mtu mzima hukimbilia wapi? Mdomoni, kupapasa kwa kidole. Hapo ndipo kipande ambacho hukioni husukumwa ndani zaidi. Kinachofundishwa ni kumlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, kumpiga kwa kiganja mara tano katikati ya mabega, kisha kumgeuza chali na kumbonyeza kifua mara tano, na kurudia. Tumbo halibonyezwi kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu ini lake linaweza kuumia. Tofauti hiyo huijui kwa kuwa na upendo, wala kwa kulea watano ambao hawakuwahi kupaliwa.

Na kuna jambo ambalo uzoefu wenyewe uliwahi kulipotosha. Kwa miaka mingi wazazi katika nchi za Magharibi waliambiwa wawalaze watoto wachanga kifudifudi, na waliofanya hivyo wengi wao walikuza watoto wenye afya, wakabaki na imani kwamba ndivyo inavyopaswa. Mwaka 1992 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilipendekeza watoto wasilazwe hivyo, mwaka 1994 kampeni ya kitaifa ya kulaza chali ikaanza, na ndani ya miaka kama kumi vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa karibu nusu. Utafiti wa daktari wa watoto Rachel Moon na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba takriban kifo kimoja kati ya vitano vya aina hiyo kilitokea mtoto akiwa kwa mlezi, na vingi vya hivyo katika nyumba za walezi. Karibu theluthi ya vifo hivyo vya kwa walezi vilitokea katika wiki ya kwanza tu ya kupelekwa huko. Sababu ya wiki hiyo kuwa ya hatari haijathibitishwa. Linalojulikana ni kwamba mtoto aliyezoeshwa kulala chali, akilazwa kifudifudi na mtu mwingine, hatari yake hupanda sana. Ndiyo maana somo la usingizi hutolewa hata kwa bibi mwenye wajukuu kumi.

Sasa turudi kwenye hesabu. Fikiria mashua iliyoandikwa ubavuni uzito inaoweza kubeba. Nahodha anaweza kuwa hodari kuliko wote pwani nzima, lakini uhodari wake hauongezi hata kilo moja kwenye kiwango kile. Akimpakia mwanawe, mashua haijui kama huyo amelipa nauli. Inazama kwa uzito, si kwa tiketi. Na uzito haulingani na idadi ya vichwa: gunia moja la mchele laweza kuchukua nafasi ya abiria mzima.

Katika leseni, uzito ni utegemezi. California imeupanga ngazi kwa ngazi kwa mlezi mwenye leseni ya watoto wachache, anayefanya kazi peke yake. Akiwa na watoto wa chini ya miaka 2 pekee, mwisho ni 4. Akichanganya, anaweza kufika 6, mradi wa umri huo wasizidi 3. Anaweza kufika hata 8, mradi wa umri huo wasizidi 2, mmoja wa waliobaki awe ameanza shule na mwingine awe na miaka 6 au zaidi. Ukilipima sharti hilo kwa siku ya moto, linaeleweka papo hapo. Wa miaka sita ukimwambia toka nje, anatoka. Wa miezi sita lazima abebwe, na mlezi ana mikono miwili. Moshi hauchagui nani ni wa nani, na mama hatamwacha wake ili abebe wa jirani.

Hii haina maana kwamba namba zenyewe zimetoka maabara. England inakomea kwenye wadogo 3, na kwa kawaida mmoja tu awe chini ya mwaka 1; California inavumilia zaidi. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba mahali hasa pa kuchora mstari ni uamuzi wa watu. Kwamba mstari uwepo, na uwe mkali zaidi kwa wachanga, ndiko zinakokubaliana.

Mantiki hiyohiyo ndiyo inayoeleza ukaguzi wa watu wasiolea kabisa. England, kila mkazi wa nyumba mwenye miaka 16 au zaidi huchunguzwa kumbukumbu zake za uhalifu. California, watu wazima wote wa nyumbani huchukuliwa alama za vidole, hata mume anayeshinda kazini. Leseni imeitazama nyumba nzima.

Penye udhaifu, naona mimi, ni kwenye muda. England humtaka mlezi arudie mafunzo ya huduma ya kwanza kila baada ya miaka 3. Lakini ustadi wa kuhuisha moyo na pumzi hufifia ndani ya miezi michache usipofanyiwa mazoezi, kwa hiyo mlezi anaweza kuwa na cheti halali kabisa huku mikono imeshasahau. Anayetaka kuwa tayari kweli afanye mazoezi kwa mwanasesere mara kadhaa kwa mwaka, bila kusubiri kanuni imwambie.