Ukungu kwenye lenzi: kuifufua Olympus Trip 35 hapa Lamu

Kamera nyingi za filamu ninazoletewa hapa Langoni hazina ubaya wa uzee. Zimeharibiwa na hewa yetu. Kamera ikikaa miaka kwenye kidaka cha nyumba ya mawe, ndani ya mkoba wake wa ngozi, ukungu unapata kila unachotaka: giza, joto na unyevu. Ngozi nayo huunyonya unyevu huo na kuuweka. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 60 hivi, ukungu huota, na Lamu tunapita hapo iwe kaskazi iwe kusi. Basi kabla hujashika bisibisi, itoe kamera mkobani, na usiirudishe tena humo.

Nichukue Olympus Trip 35, iliyotengenezwa Japani kuanzia 1967 hadi 1984. Naipenda sana kamera hii. Haitaki betri: seleniamu iliyoizunguka lenzi, nyuma ya plastiki yenye vipele, hugeuza mwanga kuwa umeme wa kutosha kuisogeza sindano ya kipima mwanga. Ijaribu kwanza. Weka pete ya tundu la mwanga kwenye A, yaani kamera ijipimie yenyewe, zungusha gurudumu la filamu, ziba lenzi kwa kiganja, ubonyeze. Kibendera chekundu kinatakiwa kuinuka kwenye kidirisha na kitufe kikatae. Kisha ielekeze barazani kwenye jua: kibendera kisionekane, na shata, kile kilango cha mwanga, ilie. Kikiinuka hata juani, yamkini seleniamu imekufa au sindano imekwama.

Ugonjwa wake mkubwa ni vibamba vya tundu la mwanga kunata kwa grisi iliyoyeyuka na kutambaa. Tundu likabaki wazi, picha za mchana hutoka nyeupe kupita kiasi, na mtu akadhani filamu ni mbovu. Kuvifikia si kazi ngumu. Legeza skrubu tatu ndogo za pete ya kulengea, uitoe pete. Hapa tulia. Lenzi ya mbele iko kwenye hesi, na mahali ilipo ndipo penye ulengaji wote. Iweke kwenye alama ya mlima, ile ya vitu vya mbali, kisha ukwaruze kialama kidogo kwa sindano, nusu kwenye lenzi na nusu kwenye mwili wa kamera, ndipo uifungue. Hesabu pia mizunguko mpaka itoke. Bila hivyo, jahazi la mbali halitatoka kali tena.

Vibamba vioshe kwa petroli ya kujazia viberiti: tone moja, vichezeshe, fyonza kwa pamba ya masikio, rudia mpaka viteleze bila kusita. Usitie mafuta hata chembe. Vinafanya kazi vikiwa vikavu.

Sasa ukungu wenyewe. Mulika lenzi kwa tochi kutoka upande, utaona nyuzi zilizotawanyika kama utando wa buibui. Mimi hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, pamba laini, bila kukandamiza, kisha maji yaliyochujwa kwa mvuke, na kitambaa safi. Ukungu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga juu ya kioo, kwa hiyo pengine makovu yatabaki. Yaache. Kuna wanaosugua kwa dawa ya meno. Huo ni uharibifu, kwa sababu lenzi yenye kovu bado inapiga picha nzuri, ukiacha kuielekeza kwenye jua.

Sponji nyeusi za kuzuia mwanga kwenye mlango wa mgongoni zikishakuwa lami, zikwangue kwa kijiti na spiriti, ulaze uzi wa sufi mweusi kwenye mfereji wake.

Ikimalizika, ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na jeli ya silika ile inayobadilika rangi. Rangi ikigeuka, ikaushe jeli kwenye jiko la oveni kwa moto mdogo, uitumie tena. Mchele hapana: una vumbi na wanga, na wanga ni chakula cha ukungu.