Kikao cha familia katika kesi ya mtoto: yanayosemwa na yaliyopo

"Kumketisha mtoto aliyetenda kosa na familia badala ya kumfunga ni kumdekeza."

Hii ndiyo inayosikika zaidi, na wengi wanaoisema hawajawahi kuhudhuria kikao chenyewe. New Zealand iliingiza vikao vya familia katika sheria yake mwaka 1989, baada ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kulalamika kwa miaka kuwa watoto wao wanachukuliwa na serikali bila ukoo kuulizwa. Msimamizi huwakutanisha mtoto, wazazi, shangazi na wajomba, polisi, na aliyetendewa kosa akiridhia kuja. Polisi anaeleza kilichotendeka. Mtoto akikana, suala linarudi mahakamani. Akikubali, aliyetendewa, tuseme aliyeibiwa, anamweleza ana kwa ana: mlango uliovunjwa, kufuli alizonunua upya, usingizi asioupata tangu siku ile. Baadaye wageni wanatoka, ukoo unabaki peke yake kupanga ataomba radhi vipi, fidia ataifanyia kazi gani, nani atahakikisha yuko ndani jioni, shuleni atarudi lini. Mpango ukiletwa mezani, polisi na mwathirika wanaweza kuukataa. Kesi za mauaji haziamuliwi hivi.

Mahakamani mtoto anaweza kumaliza kesi nzima bila kufungua mdomo, wakili akimsemea. Sasa niambieni wapi anadekezwa.

"Mpeleke akaone jela, atashika adabu."

Samaki mkunje angali mbichi, watu husema, huku wakinyoosha kidole gerezani. Marekani walijaribu. Miaka ya 1970, katika gereza la Rahway, New Jersey, vijana walipelekwa kufokewa na kutishwa na wafungwa wa kifungo cha maisha, na mpango ukaigwa kwingi. Watafiti walipowalinganisha vijana waliopelekwa na wenzao ambao hawakupelekwa, waliotishwa ndio walioelekea zaidi kuvunja sheria baadaye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 37, unataka kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyofaa.

"Akianza utotoni, ndiyo basi tena."

Wengi huacha wenyewe wakikua. Wanaoendelea hadi utu uzima ni wachache.

"Familia ndiyo iliyomharibu, itamtengenezaje?"

Zipo nyumba ambazo mtoto hapaswi kurudi, na hapo hutafutwa ndugu mwingine. Lakini nyingi zimeelemewa tu. Kuna tiba ambayo mtaalamu hupewa familia nne hadi sita, akaziendea nyumbani kwa miezi mitatu hadi mitano, na simu hupokelewa saa yoyote. Mtaalamu huyo hamhubirii mzazi. Mama akiwa na zamu ya usiku, wanakaa wote wawili kutafuta jirani au ndugu wa kuwa na kijana saa zile, na namna ya kupata habari kutoka kwa mwalimu kabla mambo hayajaharibika.

"Jamii ikishashirikishwa, wakili wa nini?"

Hapa ndipo wapenda mageuzi wenyewe huteleza. Mwaka 1964 huko Arizona, Gerald Gault, mvulana wa miaka 15, alikamatwa kwa tuhuma ya kupiga simu ya matusi. Mama yake alirudi kutoka kazini asimkute, na polisi hawakuwa wameacha taarifa yoyote. Gerald hakuwa na wakili, na aliyelalamika hakufika mbele ya hakimu. Alipelekwa shule ya kurekebisha tabia, ambako angeweza kushikiliwa hadi atimize miaka 21; mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini isiyozidi dola 50 au kufungwa miezi miwili. Mahakama za watoto za Marekani wakati huo zilijiita mlezi wa mtoto, ndiyo maana zikaona wakili hana kazi. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mtoto anayeweza kunyimwa uhuru wake ana haki ya kujulishwa mashtaka, kuwa na wakili, kuhoji mashahidi na kunyamaza. Wazee wa mtaa nao hawana ruhusa ya kumlazimisha mtoto kukiri ili kikao kiishe mapema. Na ubakaji haumalizwi kwa baba wawili kupeana pesa faraghani, hata wakiuita usuluhishi.