Maganda ya korosho, wanga wa muhogo na ajira ya mkemia

Korosho nyingi ya Mtwara na Lindi husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ganda huondoka pamoja na kiini, na ndani ya ganda hilo kuna mafuta makali, yale yanayowababua vidole wabanguaji wasio na glavu. Kwa mkemia, mafuta hayo ni mali. Sehemu kubwa yake ni asidi ya anakadiki. Ukiyapasha joto, asidi hiyo huachia kaboni dayoksaidi ikageuka kadanoli. Kadanoli ni aina ya feno, yaani kemikali yenye pete ya kaboni iliyoshikiliwa na oksijeni na hidrojeni, na ina mkia wa kaboni 15, na hutumika viwandani kutengenezea pedi za breki, rangi za kukinga kutu na gundi, ikichukua nafasi ya feno inayotokana na mafuta ya petroli.

Nimeanza na ganda la korosho kwa sababu wanafunzi na wazazi wanaokuja kutuuliza kuhusu ajira za kemia hutaja kazi zile zile: ualimu, kupima ubora kiwandani, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Zote ni kazi za heshima. Ila lipo eneo jingine ambalo nchi yenye mashamba kama yetu ingepaswa kulikimbilia, nalo ni kemia endelevu, yaani kutengeneza kemikali na bidhaa kwa njia isiyoleta taka wala sumu nyingi. Misingi yake 12 iliandikwa mwaka 1998 na Wamarekani Paul Anastas na John Warner. Wa kwanza unasema ni heri kuzuia taka zisizaliwe kuliko kuzisafisha baadaye. Mwingine unahimiza malighafi zinazoota tena.

Sasa niseme kazi yenyewe ilivyo, maana hapa vijana wengi hudhani watakuwa wavumbuzi kuanzia siku ya kwanza. Feno ya petroli hufika kiwandani na cheti cha usafi, na pipa la leo halitofautiani na la mwezi uliopita. Mafuta ya ganda la korosho hayana adabu hiyo. Namna ganda lilivyohifadhiwa na joto lililotumika kukamua hubadilisha kiasi cha kadanoli, kadoli (feno nyingine iliyomo humo) na asidi iliyobaki. Yakipashwa moto kupita kiasi, huanza kuungana yenyewe na kuwa mazito. Mwenye kiwanda cha rangi hawezi kubahatisha. Anahitaji mtu wa kumwambia mapipa mawili yanatofautiana kwa kiasi gani, na abadilishe nini kwenye mtambo ili rangi itoke ile ile. Kwa hiyo siku nyingi za mtafiti huyu huishia kwenye kromatografia (kutenganisha viambato vya mchanganyiko), spektroskopia (kuvitambua kwa mwanga) na takwimu. Naipenda kazi hii hasa kwa sababu hiyo: inamheshimu mtu makini.

Muhogo nao una mafunzo yake. Wanga wa muhogo ukipikwa kwa maji na gliserini kidogo hutoa utando unaong'aa, na mwanafunzi huona amepata plastiki mpya. Uache utando huo wazi wakati wa masika hapa Dar es Salaam: unavuta unyevu wa hewa na kulegea. Ukikaa muda mrefu, minyororo ya wanga hujipanga upya na utando unakuwa mkavu wa kuvunjika. Kuuzuia usifanye hivyo, bila kuongeza kemikali yenye sumu, ni utafiti unaotosha shahada ya uzamili.

Suala hili si la maabara peke yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na Kariakoo ikajaa mifuko mbadala. Inashikika kama kitambaa, lakini mingi nyuzi zake ni polipropilini, plastiki inayotokana na petroli vile vile. Tena, bidhaa kuandikwa kwamba inaoza hakumaanishi itaoza popote. Plastiki ya asidi ya laktiki, inayotengenezwa kutokana na sukari ya mimea, huoza vizuri kwenye mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Ikitupwa Mto Msimbazi itakaa miaka. Mkemia anayeweza kupima dai kama hilo na kuliandikia ripoti isiyoyumba anahitajika TBS (shirika la viwango), NEMC (baraza la mazingira) na kwa waagizaji wa vifungashio.

Mkonge nitaugusa tu: nyuzi ni takriban asilimia 4 ya uzito wa jani, na makapi yanayobaki yamewahi kuzalishia gesi na umeme huko Hale, Tanga.

Nafasi za ajira bado ni chache, na ni nadra kukuta tangazo lililoandikwa "kemia endelevu". Watu huingia kupitia mlango wa jirani: maabara za TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, pale Msasani, Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, viwanda vya rangi, sabuni na vifungashio. Mwanafunzi wa PCB au PCM (fizikia na kemia, pamoja na baiolojia au hesabu) aimarishe kemia ya kaboni, na hesabu asiiache. Aliye chuoni akiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, barua yake itaje malighafi moja anayoijua kwao, iwe ganda la korosho, pumba za mpunga au mwani, aeleze sasa hivi inatupwa wapi, na angependa kupima nini ndani yake.